Kufuga chaza Bagamoyo ukiwa unaishi Dodoma: kibali cha mazingira kinaanzia wapi?

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nzuguni hapa Dodoma, na nyuma ya nyumba nina mabwawa mawili ya sato. Marehemu mume wangu kwao ni Bagamoyo. Familia yao ina kiwanja kando ya mkono wa bahari, kusini ya mji, na mbele ya kiwanja kuna mikoko. Mawifi zangu na wenzao, jumla wanawake 14, wameniomba tuanzishe shamba la chaza, nami niko tayari kutoa sehemu ya kiinua mgongo changu. Kijana mmoja hapa mjini ananiambia nimpe milioni mbili na nusu, kibali cha mazingira atanitolea kwa wiki mbili kwa sababu ofisi zote ziko Mtumba, kwenye mji wa serikali. Ni kweli? Halafu nasikia maji ya bwawa la Hombolo, huku kwetu Dodoma, yana chumvi. Siwezi kufuga chaza huku huku nikaepuka safari? Mama wa Nzuguni.

Jibu: Shikamoo mama. Mungu amrehemu mzee. Nashukuru umeuliza kabla pesa haijatoka, maana wengi wanaonitafuta kwa habari za vibali huja wakati hela imeshaliwa.

Kwa hiyo nianze na huyo kijana. Usimpe hata shilingi. Maombi ya kibali cha mazingira huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, kwa jina la mwenye mradi, na ada za serikali hulipwa kwa kontroli namba. Mtu anayetaka fedha mkononi au kwenye simu yake, wala hajakuuliza chelezo, yaani majukwaa yanayoelea ya kuning'inizia chaza, zitakaa wapi, maji yana kina gani, na ni akina nani wanaotumia pwani hiyo leo, hata akikuletea karatasi, itakuwa karatasi ya shamba ambalo halipo. Afisa akija kukagua atakuta maelezo hayafanani na mahali, na jina lililoandikwa pale ni lako mama, yeye hayumo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuanza mradi unaohitaji tathmini kabla ya cheti cha mazingira, ambacho ndicho kibali chenyewe, kutoka, na adhabu yake ni faini au kifungo. Sitaki kiinua mgongo cha miaka yote ya chaki kiishie huko.

Hombolo nalijibu kwa ufupi. Ni kweli maji yale yana chumvichumvi, lakini chaza hawezi kuishi humo. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takribani gramu 35 za chumvi, na mchanganyiko wake ni mwingine kabisa na wa bwawa la bara, ambalo mvua ikinyesha hupungua chumvi na jua likiwaka hukolea. Zaidi ya hapo chaza halishwi kwa mkono kama sato. Chakula chake huletwa na maji yanayojaa na kupwa, na Hombolo hakuna kujaa wala kupwa. Endelea na sato wako Nzuguni. Kama mabwawa unayajaza kwa kisima ulichochimba, hakikisha una kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Hilo ni jambo lake peke yake, usilichanganye na la chaza. Ingawa, kwa kuwa wewe ni mwalimu, utapenda kujua kwamba maji yanayopita Hombolo huteremka na Kinyasungwe, yakaingia Mkondoa, kisha Wami, mpaka baharini kaskazini ya Bagamoyo. Dodoma na bahari ile haviko mbalimbali kama ramani inavyotudanganya.

Sasa tuingie kwenye chaza wenyewe, maana hapa ndipo waombaji wengi wanapokosea, wenye fedha nyingi na wenye fedha kidogo.

Kibali cha mazingira kimezoeleka kujibu swali moja: je, mradi huu utaharibu mazingira? Ukiomba kibali cha kiwanda cha ngozi, swali hilo linatosha. Kwa chaza, swali la pili lina uzito uleule: je, mazingira hayo yatawaharibu chaza? Mwambie wifi yako afungue chaza mmoja kwa kisu aangalie ndani. Chini ya ule ukingo mweusi wenye mikunjo ataona matamvua yamepangika kama kurasa za daftari lililolowa. Juu yake kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyovuta maji ndani mchana kutwa. Chaza mmoja mkubwa huchuja makumi ya lita kwa siku. Vijimea vidogo vilivyomo majini ndicho chakula chake, lakini hachagui: kinyesi kilichotiririka kutoka chooni, mafuta ya mashine za boti, dawa za shambani zilizosombwa na mvua, vyote hupita humo humo na sehemu yake hubaki ndani ya nyama. Kisha mtu anakuja kumla mzima mzima, utumbo na kila kitu, pengine mbichi kwa ndimu.

Ndiyo maana nawaambia watu wapime kwanza, kibali baadaye. Pia nawaambia wasianze na maji, waanze na chaza waliopo tayari. Kwenye mizizi ya mikoko mbele ya kiwanja chenu bila shaka wapo chaza wa asili. Wale wamekaa pale mwaka mzima wakichuja. Wana habari ambayo chupa moja ya maji haiwezi kukupa, kwa kuwa maji ya asubuhi si maji ya jioni. Wachukuliwe wakiwa hai kutoka sehemu tatu au nne tofauti, watiwe kwenye kasha la baridi bila kugusa barafu yenyewe, na wafike maabara Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Usiwasafirishe mpaka Dodoma kwa sababu tu wewe uko Dodoma. Omba wapimwe bakteria wa E. coli, ambao ni alama ya kinyesi, na madini mazito kama risasi na zebaki. Kipimo ninachopenda kulinganisha nacho ni cha Umoja wa Ulaya: nyama yenye bakteria wasiozidi 230 kwa gramu 100 huruhusiwa kuuzwa kwa kuliwa moja kwa moja; ikizidi hapo mpaka 4,600, chaza lazima wasafishwe kwanza kwenye maji safi au wapikwe kwa utaratibu maalumu. Hamjafika kuuza Ulaya, lakini tumbo la mteja wa Bagamoyo ni tumbo lile lile.

Vipimo hivyo virudiwe walau mara mbili, kiangazi na masika. Hapo ndipo wiki mbili za yule kijana zinapovunjika kabisa. Machi mpaka Mei mito hufurika, maji ya pwani hupoa chumvi na kubeba tope, na mashimo ya vyoo yaliyojengwa kwenye mchanga hujaa. Nimewahi kuona mkono wa bahari uliokuwa maji ya kijani safi mwezi Februari ukawa rangi ya chai ya maziwa mwezi Mei. Chaza aliyefungwa kwenye kamba hawezi kuhama. Akikaa siku nyingi kwenye maji yaliyopoa chumvi atafunga ganda, atasubiri, na yasiporudi atakufa. Kifaa cha kupimia chumvi ni kidogo, mtu anakishika mkononi na kudondoshea tone la maji. Kinunueni, na mmoja wenu aandike namba kila siku kwenye daftari kuanzia sasa. Daftari hilo litakuwa na thamani kubwa kwa mtaalamu atakayeandika tathmini yenu, kwa sababu hakuna mtaalamu atakayekaa Bagamoyo miezi sita kwa ajili ya mradi wa wanawake 14.

Kama vipimo vikija vibaya, mama, hamisheni mahali. Hakuna kibali kinachosafisha maji.

Tuseme vipimo ni vizuri. Hapo ndipo karatasi zinaanza, na mlango wa kwanza uko Bagamoyo.

Kiwanja cha familia hakiwapi bahari. Nakutilia mkazo hapa kwa sababu nimeona familia zikidhani kwamba hati ya kiwanja inashuka mpaka majini. Maji ni ya umma, na pale yanapopwa kuna watu wanaopita, wanaotega kaa, wanaochokoa pweza, wanaookota kombe. Mkiweka chelezo pale mnaziba njia ya mtu. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kwa kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wavuvi wanakiita BMU. Ombeni mkutano wa wananchi wote, muoneshe mchoro wa mahali, na muhtasari wa mkutano usainiwe pamoja na orodha ya waliohudhuria. Bila muhtasari huo mwombaji atarudishwa tu, kwani ushirikishaji wa wananchi ni sehemu ya tathmini yenyewe kwa mujibu wa sheria.

Nikusimulie jambo lililotupata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyokwenda kijiji kimoja cha pwani kwa mradi wa namna hii. Tuliitisha mkutano saa 4 asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Wanaume walijaa chini ya mwembe, wakauliza maswali mazuri, wakakubali. Tukaandika kwamba wananchi wameridhia. Tulipotoka kwenda kuangalia mahali penyewe, bahari ilikuwa imerudi nyuma mpaka kwenye mstari wa mwamba, na kwenye matope walikuwepo wanawake kama thelathini, wameinama, khanga zimefungwa kiunoni, ndoo ubavuni, wanaokota chaza na kombe. Nilimsalimia mmoja nikamuuliza mbona hakuja mkutanoni. Akanyoosha mgongo akanitazama. "Mkutano gani mwanangu? Leo bamvua."

Alikuwa na haki kabisa. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hupwa sana panapo saa 4 asubuhi, na ndiyo siku zao za kazi. Tulikuwa tumewaomba watu wakubali mradi huku wenye eneo wakiwa kazini ndani ya eneo hilo hilo. Tulirudi siku ya maji mafu, ambapo bahari haipwi sana, tukakaa nao, na mpango ukabadilika: chelezo zilisogezwa kwenye maji ya kina, na uwanda wa kuokotea ukaachwa wazi. Tangu siku hiyo siitishi mkutano wa pwani bila kuuliza kalenda ya maji. Kundi lenu lina wanawake 14. Uliza wapo wangapi wengine wanaookota hapo ambao hawamo kundini. Hao ndio watu wa kwanza kuongea nao, na baadhi yao pengine inafaa waingie.

Mikoko. Hapa kuwa makini sana. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata pale inapoota mbele ya mlango wako. Hamruhusiwi kukata boriti za mikoko za kutengenezea chelezo wala kufyeka njia ya kupitisha mtumbwi bila kibali chao. Tumieni mianzi kutoka bara na mapipa au madumu ya kuelea yaliyofungwa vizuri yasipasuke na kuwa taka. Pia msikate mizizi ili kupata chaza wadogo. Najua ndivyo wengine wanavyofanya, mzizi mzima unakatwa na chaza juu yake, lakini huo mzizi ndio unaoshika tope na ndio kitalu cha mbegu yenu ya miaka ijayo. Mbegu inapatikana bila kukata kitu: tungeni vifuu vya nazi au maganda ya chaza kwenye kamba, mviningʼinize majini msimu wa kuzaana, na vichanga vitajishika vyenyewe. Wazee wanaookota hapo watawaambia ni miezi gani wanaona chaza wachanga kwenye mawe. Waulizeni.

Ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Banda la kuoshea, stoo ya kamba na hasa choo vikae nyuma ya mstari huo. Choo nakitaja peke yake kwa sababu maalumu. Wanawake 14 watafanya kazi pale saa nyingi, na wakikosa choo kizuri watajisaidia kwenye mikoko, kisha maji yakijaa yatapeleka kila kitu kwenye chaza wenu wenyewe. Nitaangalia choo katika mchoro wenu kabla sijaangalia chelezo. Chelezo zenyewe ziko majini kwa asili yake, hivyo zionesheni wazi kwenye maombi, na alama za mahali zilizopimwa kwa GPS, umbali kutoka ufukweni, na kina cha maji siku ya bamvua yakiwa yametoka kabisa. Chelezo inayokaa juu ya tope kila bamvua huziba chaza kwa matope na kuponda nyasi bahari chini yake. Afisa anayejua kazi yake atauliza hilo kwanza.

Sasa NEMC. Kanuni za tathmini za mwaka 2005, kama zilivyorekebishwa mwaka 2018, zinagawa miradi katika makundi: A ni miradi mikubwa inayolazimika kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira kamili, ile tunayoiita TAM, B1 ni ile ambayo uzito wake haujulikani mpaka ichunguzwe, B2 ni ile ya athari ndogo, na kuna kundi maalumu. Nyinyi mtaanza kwa kusajili mradi na kuwasilisha andiko la muhtasari wa mradi, na Baraza ndilo litakaloamua mko kundi gani. Chelezo chache za kikundi, bila kulisha chakula wala dawa, haziwi sawa na mabwawa ya kambamti yanayochimbwa kwa hekta. Lakini mikoko jirani inaweza kuupandisha mradi, kwa kuwa ni eneo nyeti. Usikubali mtu akuambie mapema "yenu ni B2, msihangaike". Pia msiandike chelezo nne kwenye fomu huku mioyoni mnapanga arobaini. Andikeni ukubwa mnaoutaka kwa miaka mitano, hata kama mtaanza na chelezo mbili. Kuongeza baadaye bila kurudi Baraza ni kosa.

Kama mtaambiwa mfanye tathmini, lazima iandikwe na mtaalamu elekezi wa mazingira aliyesajiliwa. Ombeni namba yake ya usajili muihakiki Baraza, mkataba uandikwe, na malipo yagawanywe kwa hatua. Kuna swali moja ninalopenda wateja waniulize: utakwenda lini kuona mahali hapo maji yakiwa yametoka? Mtaalamu asiyetaka kwenda atawaandikia ripoti ya mwingine aliyebadilisha jina la kijiji. Nimezisoma ripoti za aina hiyo, moja ilikuwa na twiga katika orodha ya wanyama wa ufukwe wa matope.

Kwenye ripoti nzuri ya chaza nategemea kuona mambo machache yameelezwa kwa kina. Uchafu wa chaza wenyewe unaodondoka chini ya chelezo, na jinsi mkondo unavyousambaza. Kivuli cha chelezo juu ya nyasi bahari. Kamba na nyavu zikikatika upepo wa kusi unapokaza, Juni mpaka Agosti, zitatafutwa na nani. Njia za ngalawa na mashua. Maganda yatapelekwa wapi baada ya mavuno, maana yanarundikana haraka kuliko mnavyodhani. Yakichomwa yanatoa chokaa, yakisagwa yanafaa kwa chakula cha kuku, na wewe mama unajua kuku wa Nzuguni watayapokea. Na mwisho, mradi ukifa, nani ataondoa maboya na nanga. Kifungu hiki cha mwisho watu hukiandika sentensi moja. Kiandikeni vizuri na mtenge fedha yake.

Cheti cha mazingira hakitoshi peke yake, na cheti kingine hakichukui nafasi yake. Ufugaji wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kupitia Idara ya Ukuzaji Viumbe Maji ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Hiyo kweli makao yake yako Mtumba na wewe unaweza kuingia mwenyewe siku yoyote ya kazi. Hapo ndipo kuishi kwako Dodoma kunakokuwa faida: uliza, peleka barua, fuatilia. Lakini anza na afisa uvuvi wa halmashauri ya Bagamoyo, kwa kuwa wizara itamuuliza yeye.

Jambo moja ambalo sitalilegezea: fugeni chaza wa hapo hapo. Mtu akiwaambia ana mbegu ya chaza wa Japani wanaokua haraka, kataeni. Kiumbe hai wa nje haingizwi nchini bila kibali, na akija na ugonjwa au akasambaa, hakuna wa kumrudisha.

Labda utajiuliza kwa nini nchi inahangaika hivi na chelezo za wanawake 14. Miaka ya 1990 kampuni moja iliomba kujenga mashamba ya kambamti kwenye Delta ya Rufiji, maelfu ya hekta, katika mojawapo ya misitu mikubwa ya mikoko Afrika Mashariki. Wakati huo Baraza lilikuwepo, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1983, lakini sheria iliyolazimisha tathmini haikuwepo bado. Wataalamu walishauri mradi ukataliwe. Serikali ikaukubali mwaka 1997. Wananchi wa delta wakaenda mahakamani, na mwisho wake mashamba yale hayakujengwa. Sisi tuliosomea mazingira miaka ile tulikua na kesi hiyo. Kila ninapoona sharti la muhtasari wa mkutano wa kijiji, nakumbuka walivyolipigania watu wa Rufiji. Halinikeri hata siku moja.

Baada ya kibali kazi ya mazingira inaendelea. Cheti huja na masharti na mpango wa ufuatiliaji, pamoja na ada ya mwaka ambayo lazima iingie kwenye hesabu zenu tangu mwanzo. Katika mpango huo wekeni kanuni ya kujifungia wenyewe: mvua kubwa ikinyesha, mavuno yasimame mpaka chumvi irudi na vipimo viwe sawa. Na ikitokea bahari kubadilika rangi, nyekundu au kahawia isiyo ya tope, simamisheni uuzaji mara moja na mpige simu kwa afisa uvuvi. Kuna vijimea vinavyotoa sumu inayokusanyika ndani ya chaza, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Hili mawifi zako wote walijue, hata asiyejua kusoma.

Kuhusu kujifunza, mna bahati ya mahali. Kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi iko kusini ya mji wa Bagamoyo, karibu nanyi. Wanafundisha ukuzaji viumbe maji. Nendeni mkawaone kabla hamjanunua hata kamba moja, mkaombe wawili au watatu wenu wapate mafunzo mafupi.

Kama ningekuwa mwanao ningekuomba ufanye hivi. Mwaka huu toa fedha ya vipimo, kipima chumvi na nauli tu. Panda treni ya SGR mpaka Dar, ulale Bagamoyo siku za maji mafu, ukae na mawifi zako na wale wanaookota wasiokuwa kundini. Kisha bamvua litakapofika, wifi mmoja asimame pale mnapotaka kufunga chelezo, saa 4 asubuhi, apige picha kuelekea baharini, kuelekea mikokoni, na moja ya miguu yake palipo na maji ili nione yamefika wapi. Nitumie picha hizo tatu pamoja na kurasa za kwanza za lile daftari la chumvi, nami nitakuambia kama pahali hapo panafaa kusajiliwa au mtafute pengine.